Video ya hotuba au nahodha barazani?

Kwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Lamu tumejaribu njia mbili za kuwafanya wafanyakazi wazungumze. Ya kwanza ni video za TED, zile hotuba fupi za mtandaoni. Uzuri wake ni ufupi: kwa kawaida hotuba haizidi dakika 18, chai haijapoa imekwisha. Ile ya mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2009, kuhusu hatari ya kumjua mtu kwa hadithi moja tu, iliwagusa waongoza watalii kuliko nilivyotarajia. Mmoja akauliza, "Na sisi, wageni twawaeleza nini zaidi ya punda na majahazi?" Tukabishana hadi adhana ya adhuhuri. Lakini ilikuwa ya Kiingereza, na wapishi walikaa kimya muda wote. Isitoshe, video huwezi kuiuliza swali.

Njia ya pili ni kumwalika nahodha mzee barazani. Huyo hana dakika 18, ana asubuhi nzima! Ila anajibu, anataniwa, na wapishi ndio wanaoongea zaidi.

Mimi naegemea baraza. Video nitaiweka mara moja kwa mwezi, mtu akitafsiri, tena isimamishwe katikati watu waseme. Kahawa chungu isikosekane kote kuwili.