U-Carmen eKhayelitsha: opera iliyoingia sebuleni kwetu Tabata

Kwa wenye haraka: itazameni. Ni filamu ya Afrika Kusini ya 2005, na yote ni opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba. Ni Carmen ya mtunzi Mfaransa Georges Bizet, ila inaimbwa kwa Kixhosa na mambo yanatokea Khayelitsha, uswahilini kwa Cape Town. Carmen ni Pauline Malefane, mwimbaji wa opera na mwigizaji, ambaye pia alishiriki kuyageuza mashairi kuwa Kixhosa. Mwaka huohuo filamu ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin.

Tuzo tuziweke pembeni. Mjini hapa ukitaja opera, watu wanacheka, wanakuigizia mama mnene anayepiga ukelele hadi glasi zipasuke. Haohao, Pasaka ikifika, wako kanisani wanaimba Haleluya ya Handel kwa sauti nne, na mzee wa besi hashiki hata kitabu, do-re-mi zote zimo kichwani. Handel huyo aliandika opera kwa miaka mingi kabla ya kutunga Masiha, yenye hiyo Haleluya. Kwa hiyo masikio tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kutuletea kitu chenyewe mtaani, na asikipunguze.

Hapo ndipo Malefane aliponikamata. Hakurahisisha muziki. Hakuweka biti ya klabu chini ya Bizet ili vijana wasichoke. Noti ni zilezile, kazi ya koo ni ileile ngumu. Kilichohama ni mtaa. Carmen bado ni mfanyakazi wa kiwanda cha sigara, lakini mlangoni kuna vumbi, nyumba za mabati na wanawake wanaosutana kama wa kwetu. Askari anayempenda hadi kuharibikiwa anaitwa Jongikhaya. Na Carmen huyu ana mwili wa mwanamke mzima, anatembea kama mwenye mtaa, wala kamera haimwonei aibu.

Niliitazama na mama, ambaye ni sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika na ujana wake aliumalizia kwenye kumbi za dansi. Ulipofika wimbo maarufu wa Carmen, ule wa mapenzi kuwa ndege asiyefugika, mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Sikushangaa. Mdundo wa wimbo ule, habanera, asili yake ni Kuba, na santuri za Kikuba ndizo zilizowafundisha mengi wapigaji wa dansi letu. Baadaye akasema, "Huyu dada hapigi kelele, mwanangu. Anajua kuvuta pumzi. Sisi mwalimu anatugombeza kila Jumamosi kwa hilohilo."

Sasa kasoro. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanakimbia, ikabidi niwe mkalimani wa mama, na nikitafsiri ananiambia nyamaza nisikilize. Katikati inapwaya kidogo. Mwanamuziki anayerudi nyumbani, aliyechukua nafasi ya yule mpiganaji wa ng'ombe wa hadithi ya awali, hakunishika. Halafu spika za runinga haziwezi kabisa sauti za juu, zinakwaruza. Unganisha sabufa, lakini punguza besi, maana sabufa zetu zimetengenezwa kwa singeli. Watoto wadogo wapelekeni kulala mapema: mwisho kuna kisu, na haufichwi.

Kumbe hata Paris iliipokea Carmen kwa ubaridi ilipooneshwa mara ya kwanza, Machi 1875. Mwanamke wa kiwandani anayejichagulia mwanamume, kisha anamwacha hadharani, aliwaudhi waungwana. Bizet akafariki miezi mitatu baadaye, bila kujua ingepigwa dunia nzima. Mama aliposikia hivyo aliguna tu, akauliza kama huyu dada ana nyingine.

Anayo. Kundi lake la Cape Town, Isango Ensemble, liliichukua Filimbi ya Ajabu, opera ya Mozart, likaondoa okestra, likapanga marimba jukwaani, na Malefane akaimba Malkia wa Usiku, nafasi yenye noti za juu za kutisha. Onyesho hilo lilipata tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya maonyesho ya jukwaani London, mwaka 2008. Naitafuta yote, si vipande vya dakika mbili. Mwenye nayo kamili aniambie, bando nitanunua mwenyewe.