Evie ya inox ya bakuli mbili: yenyewe haina shida, shida ni ndugu zake

Nilinunua hii evie (sinki ya jikoni, ya chuma cha pua) mwezi wa tatu mu kenkayeri (duka ya vifaa vya ujenzi) moja ya Birere, huku Goma, dola 48, na ile siku nikamwambia bibi yangu kazi ni ya siku mbili tu: jumamosi natengeneza meza yake, jumapili nyuma ya misa naunga tiyo (bomba), jumatatu anaosha sahani akiwa amesimama wima kama watu ya Himbi, mtaa ya wenye pesa. Sasa tuko mwezi wa nane. Anaosha ndani kweli, lakini jikoni haina mlango tena na karo (vigae) imefika nusu ya ukuta.

Nianze na kitu yenyewe. Ni sentimeta 120 kwa 50, bakuli mbili na kasehemu ka kukaushia vyombo. Mu kenkayeri zote watakuambia "mukubwa, hii ni inox ya kweli", lakini inox haiko moja, beba kasumaku, hata ile ya bafle (spika) ya kufa. Ikishika, mara nyingi ni ile haina nikeli, bei yake ni ya chini na inapiga kutu mbiyo, na siye huku tunajua kutu, manjanja (mabati) yetu inakulwa na mvua yenye moshi wa volkano Nyiragongo mbele ya wakati wake. Yangu haikushika. Nilitua ndani sufuria kubwa imejaa maji, haikubonyea. Miezi mitano, hakuna hata alama moja ya kutu, ni ule weupe tu maji ya ziwa inabakishaka ukiacha ikauke pekee, ndimu na kitambaa inaiondoa.

Kwa evie napana nyota 4. Ile moja nimeiondoa juu ya vitu vya mu karatoni. Robine (bomba ya kufungulia maji) walisema ni kado (zawadi), na kado ikaanza kulia machozi juma ya pili, nikanunua ingine dola 12. Sifoni, ile kabomba ka kupinda chini ya bakuli, ni plastiki ya kuonea huruma, nati yake ilipasuka nikikaza na mikono tu, bila ufunguo. Tena sifoni ni ya milimeta 40 na tiyo walinipatia ni ya 50, hakuna mtu alisema neno "redisheni" (ile ya kuunga tiyo ndogo na kubwa), nikarudi Birere mara ya pili na pikipiki juu ya kaplastiki ka franga elfu mbili. Muuzishaji ananiangalia anasema haukuuliza. Kweli sikuuliza! Na usibebe dola yenye kapasuko hata ka milimeta, mimi walinirudishia noti ya 20 nikiwa tayari nimefunga evie juu ya chukudu (kinga ya mbao ya kubebea mizigo).

Sasa ndugu zake, ni kusema kazi zingine zenye evie ilikokota. Ili evie ikae kwenye dirisha ilibidi nisukume kabati, na nyuma ya kabati kulikuwa kitu siye wote tulijua na tulikuwa tumekubaliana kusahau. Mwezi wa tano 2021, nyuma ya volkano kupasuka tarehe 22, na ile matetemeko ya usiku na mchana, tulikimbilia Sake, mji ya pembeni, na kurudi tukakuta ukuta umechanika toka kona ya dirisha mpaka chini. Nilisukuma kabati hapo na maisha ikaendelea. Sasa kidole changu kinaingia mpaka kwenye kifundo. Huwezi kutundika evie hapo. Nikabomoa plasta, nikapanua ule ufa, nikaweka waya, sima mifuko miwili. Ikikauka, pale mahali iko ya kijivu na ingine yote iko ya manjano ya mafuta na moshi. Bibi akaangalia, akasema kwa sauti ya chini: "Baba watoto, si uweke tu karo." Nikaweka nivo (kipimo ya usawa) kwanza: ule mpira wa hewa ukakimbilia pembeni kabisa haukurudi. Ukuta wote umelala. Basi kola (gundi) ya karo ilikula mara mbili ya ile nilihesabu.

Lakini kazi yenye ilinimaliza ni maji machafu. Siye tuko Majengo, parsele (kiwanja) yetu iko juu ya lava ya tarehe 17 janvie 2002, udongo ni wa kufagia tu. Tiyo ya kutoa maji inaomba kuteremka kama sentimeta 2 kila meta, na shimo iko kwenye meta 4, kwa karatasi ni sentimeta 8, kitu ya bule. Kwa jiwe ya volkano ni jumamosi tatu, tindo mbili zilikunjika ncha, na jirani anakuja na kiti chake kuangalia. Kwenye meta ya tatu nikaona ni heri kupandisha evie kuliko kushusha volkano. Njo maana iko juu sentimeta 96 wakati ya kawaida ni 85 mpaka 90. Bibi yangu ni murefu, anasema iko bien. Mama mukwe akikuja anapanda juu ya kasanduku ka bia ya Primus.

Mlango niliutoa mimi mwenyewe, juu karo ya chini ilipandisha sakafu na haukufunguka tena. Hiyo kosa siwezi kuiwekea evie.

Kenkayeri nitarudia, bei yao ni ya mtu wa kawaida, lakini karo nunua yote siku moja. Mimi nilinunua karatoni 5, nikarudi kwa ya 6, jina ni ileile, picha ni ileile, rangi si ileile, waliniambia hiyo ni ya kontena ingine, na hawarudishake pesa. Basi kama kuko mtu mu Majengo ao Mabanga alibakisha zile za rangi ya maziwa, 30 kwa 30, za kontena ya mbele ya Pasaka, aniambie. Nakosa 7.