Kupima hoja za SQL: SQLite ya kwenye memori au PostgreSQL yenyewe?

Kama programu yako inatumia PostgreSQL (hifadhidata ya kwenye seva), kuendesha majaribio ya kiotomatiki ya hoja zake, yaani maombi ya data kwa lugha ya SQL, juu ya SQLite (hifadhidata nyepesi) kunavutia: hakuna seva, kila kitu kipo kwenye memori, majibu yanakuja fasta. Tatizo, SQLite ina huruma mno. Safu ya kawaida ya INTEGER, yaani ya namba kamili, inapokea neno 'kumi' bila kunung'unika. PostgreSQL inalikataa papo hapo. LIKE 'asha%' (tafuta maneno yanayoanza na 'asha') kwenye SQLite inampata Asha, hata mwenye herufi kubwa. Kwenye PostgreSQL haimpati, mpaka utumie ILIKE, isiyojali herufi kubwa na ndogo. Jaribio limepita, mteja hamwoni mtu!

PostgreSQL ndani ya kontena la Docker (zana ya kuendesha programu zikiwa zimetengwa) inachelewa kuamka, kweli. Lakini unaiwasha mara moja, kisha kila jaribio unalifunga kwa ROLLBACK, amri inayofuta mabadiliko yake. Mimi napimia huko. SQLite naiachia programu za simu zinazoitumia yenyewe.