ER: tamthilia ya hospitali ambayo mgonjwa ndiye mshenga

Tamthilia za hospitali ni nyingi, na nyingi zina kasoro moja: mapenzi ya madaktari yako stoo ya dawa, wagonjwa wako wodini, na hadithi hizo mbili hazijuani. ER, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 19, 1994 hadi Aprili 2, 2009, katika miaka yake mizuri haikuangukia humo. Mgonjwa wa ER ndiye mshenga. Analetwa kwa machela, anawaunganisha watu wawili au anawavunjia nyumba, kisha anaondoka, kwa miguu yake au amefunikwa shuka. Hicho ndicho kipimo kitakachotumika hapa. Na kwa kuwa hakuna namna ya kupima bila kutaja yanayotokea, asiyetaka kujua nani anakufa aishie hapa.

Kwanza mzigo wenyewe. Ni misimu 15, sehemu 331, kila moja kama dakika 44, yaani zaidi ya saa 240. Anayeangalia sehemu mbili kila usiku ajiandae kwa miezi mitano na nusu. Mwanzilishi wake, Michael Crichton, alisomea udaktari Harvard, na mswada wa kwanza aliuandika miaka ya 1970, ukakaa kabatini karibu miaka 20 kabla ya kupata mnunuzi. County General ya Chicago, ambamo hadithi inatokea, ni hospitali ya kubuni, ya umma, yenye foleni ndefu, wasio na bima, walevi na majeruhi wa risasi. Kati ya waandishi walikuwamo madaktari, kama Joe Sachs, aliyebobea kwenye tiba ya dharura, na hilo linasikika: maagizo yanatupwa harakaharaka kwa vifupisho, wala hakuna anayesimama kumfafanulia mtazamaji. Usihangaike kuelewa kila neno. Tazama mikono na nyuso.

Anayetaka kuijaribu kwa sehemu moja tu aanze na Love's Labor Lost ya msimu wa kwanza, iliyorushwa Machi 1995. Mama mjamzito anakuja na mumewe akilalamika kukojoa mara kwa mara. Daktari Mark Greene anaona UTI (ugonjwa ambao kwenye zahanati zetu hakosi mtu), anampa dawa, anamruhusu. Kabla hawajafika mbali mama anadondoka na degedege. Ni kifafa cha mimba. Mtego wake ni wa kweli na unaua hadi leo: protini kwenye mkojo inaweza kuletwa na maambukizi, lakini pia ni dalili ya shinikizo la damu la ujauzito, na mimba ikipita wiki 20 daktari hana ruhusa ya kuchagua jibu jepesi. Presha ya 140/90 ipimwe tena baada ya muda. Mama aulizwe kuhusu kichwa kuuma, macho kuona ukungu, maumivu chini ya kifua. Ikishathibitika, kinga ya degedege ni magnesiamu salfeti, na tiba kamili ni mtoto kutoka. Greene anataka atoke kwa njia ya kawaida. Mabega yanakwama. Mtaalamu wa uzazi anachelewa. Kondo la nyuma linabanduka, na Greene anapasua mwenyewe hapohapo kwenye chumba cha dharura. Mtoto anapona, mama anamwaga damu isiyoganda mpaka anakufa.

Ubora wa sehemu hii hautokani na damu. Uhusiano unaobeba saa nzima ni wa daktari na mume wa mgonjwa, watu wasiofahamiana asubuhi. Kila Greene anapotoka nje ya kile chumba anatoa tumaini dogo kuliko la kwanza, na mume anaendelea kumwamini kwa sababu hana mwingine. Dakika za mwisho, pale anapolazimika kwenda kumkabili mume akiwa na mtoto, zinatazamika kwa shida. Hakuna busu hata moja, na bado ni hadithi ya mahusiano kuliko nyingi zilizofuata.

Mfano wa pili unachukua misimu miwili kukomaa, kwa hiyo wengi huupita bila kuona ulivyosukwa. Mama yake Peter Benton, daktari wa upasuaji mwenye ulimi mkali, anazeeka na akili inampotea. Jeanie Boulet, mtaalamu wa tiba ya viungo, anaajiriwa kumhudumia. Benton na Jeanie wanapendana juu ya kitanda cha mgonjwa, ingawa Jeanie ana mume. Mama anafariki, na penzi linapoteza mahali pa kukutania. Baadaye mume, Al, anagundulika ana VVU. Jeanie anapimwa: anavyo. Benton anapimwa: hana. Hii ni 1996, mwaka ambao mchanganyiko wa dawa tatu ndiyo kwanza ulikuwa ukianza kubadili hatima ya wenye VVU huko Marekani. Waandishi wangeweza kumuua Jeanie kwa machozi ya sehemu tatu. Badala yake wanambakiza kazini, na swali linageuka: je, mhudumu mwenye VVU aruhusiwe kugusa vidonda vya ndani? Anawekewa mipaka ya kazi, wenzake wanagawanyika, na ugonjwa unakuwa jambo la kuishi nalo. Kwa wakati wake, ulikuwa uamuzi wa busara.

Daktari wa watoto Doug Ross na muuguzi Carol Hathaway ndio wapenzi wanaokumbukwa zaidi, na picha zao bado zinazunguka mitandaoni. Lakini kilichowatenganisha hakikuwa mwanamke mwingine, ingawa Doug hakuwa haba kwa hilo. Kilikuwa pampu. Februari 1999, katika sehemu mbili za The Storm, mtoto Ricky anakufa polepole kwa ALD, ugonjwa wa kurithi unaokula ganda la neva za ubongo. Amewekewa pampu ya dawa ya maumivu: kitufe kikibonyezwa, dozi ndogo inaingia mshipani, kisha mashine inajifunga kwa dakika kadhaa. Ubonyeze mara ishirini, haitoi kitu mpaka muda utimie. Kufuli hilo lipo kwa sababu dawa za jamii ya afyuni, zikizidi, huzima pumzi. Doug anamwonyesha mama wa mtoto namna ya kulipita kufuli. Mtoto anafariki, Doug anaacha kazi na kuondoka Chicago, na Carol, aliyeanzisha kliniki ya bure kwa jasho lake, anabaki na doa la uamuzi ambao hakuufanya. Tamthilia haisemi nani ana haki. Huruma ya Doug ni ya kweli, na kiburi chake pia ni cha kweli. Carol anaviona vyote viwili, ndiyo maana hamfuati mara moja.

Kisha Lucy Knight. Ni mwanafunzi wa udaktari chini ya daktari John Carter, na wawili hao hawaelewani sawasawa: binti anataka kufundishwa, Carter anataka wagonjwa wapungue. Februari 2000 wanapokea kijana mwenye kichwa kinachouma. Lucy anaona dalili za ugonjwa mkubwa wa akili. Daktari wa akili anaitwa, hatokei, anaitwa tena. Carter ana haraka zake. Mezani kwa wauguzi kuna sherehe ya Valentine, muziki umefunguliwa, na kisu cha keki kimeachwa kando. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba hakuna kosa moja kubwa. Yapo manne madogo: mgonjwa aliyechanganyikiwa ameachwa peke yake, mtaalamu amechelewa, msimamizi hakumsikiliza aliyeona, na chuma kikali kiko wazi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuchambua vifo hospitalini atalitambua umbo hilo. Yule kijana anawachoma kisu Lucy na Carter. Lucy anafanyiwa upasuaji, anaamka, halafu donge la damu linakwenda kwenye mapafu na kumuua.

Hapo ndipo ER inapolipa deni la misimu sita. Carter anapona na maumivu ya mgongo, maumivu yanaleta dawa, dawa zinaleta uraibu. Mwisho wa msimu wa 6, katika May Day, wenzake wanamkalisha chini, naye anatoka mbio. Anayemkimbilia ni Benton, yule mwalimu mkavu aliyemnyanyasa tangu sehemu ya kwanza. Carter anampiga ngumi. Benton hajibu kwa ngumi. Anapanda naye gari, kisha ndege, mpaka kituo cha tiba huko Atlanta. Mapenzi ya kaka na mdogo wake yanasemwa bila neno "nakupenda" kutamkwa.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni ya kitabibu. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa sehemu 97 za vipindi vitatu, ER ikiwemo. Watafiti walihesabu mara 60 ambapo mtu alikandamizwa kifua ili moyo urudi, na asilimia 75 walirudi. Katika hospitali halisi za Marekani, wanaosimama moyo wakiwa wodini na kuja kuruhusiwa wakiwa hai ni takriban mmoja kati ya wanne au watano. Tazama pia viwiko vya waigizaji: vinapinda. Ukandamizaji wa kweli ni mikono iliyonyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwigizaji angeufanya hivyo angemvunja mwenzake mbavu. Na mstari ulionyooka kabisa kwenye mashine haushtuliwi kwa umeme. Umeme ni wa moyo unaotetemeka ovyo, sio uliokwisha kunyamaza. ER inaliheshimu hilo kuliko wenzake, ila majibu ya maabara yanarudi haraka kiasi cha kuchekesha.

Kasoro ya pili inatugusa karibu zaidi. Msimu wa 9 unafungia Kisangani, Mei 2003, Carter na daktari mwenzake Luka Kovac wakiwa wamekwenda kutibu katikati ya vita vya Kongo. Luka anashikwa na malaria, kisha na wapiganaji wa Mai-Mai, na habari za kifo chake zinafika Chicago kabla yake. Carter anarudi kutafuta maiti, anamkuta mzima, na Luka anaporudishwa nyumbani anabeba barua ya Carter ya kuachana na mpenzi wake, Abby. Kwa kipimo cha mshenga, ufundi upo. Lakini Wakongo wenyewe wamegawiwa nafasi mbili tu, kuumwa au kushika bunduki. Jina Mai-Mai linatokana na maji, ile imani ya dawa ya kugeuza risasi kuwa maji ambayo kusini mwa Tanganyika waliijua mwaka 1905, na tamthilia haina muda wa kuuliza watu hao wametokea wapi na wanataka nini. Kem, mpenzi mpya wa Carter anayeshughulikia wagonjwa wa UKIMWI, ndiye pekee aliyepewa maisha kamili, na hata yeye anahamishiwa Chicago ili ampoteze mtoto huko.

Kuhusu daktari Robert Romano, maneno machache yatatosha. Helikopta inamkata mkono mwanzoni mwa msimu wa 9. Helikopta nyingine inamwangukia msimu wa 10. Siku waandishi wanapoanza kumtafutia mtu ajali, ujue wamekosa mgonjwa wa kumletea.

Ratiba inayofaa ni hii. Angalia msimu wa 1 hadi wa 8 kwa mpangilio, sehemu 179. Greene anafariki kwa uvimbe wa ubongo katika sehemu ya 178, On the Beach, na hapo hadithi ya kwanza imekwisha. Misimu ya 9 na 10 chukua za Kongo. Ya 11 hadi 14 ni kwa mwenye muda. Wapenzi wanazunguka, wagonjwa wanakuwa mapambo. Kisha ruka hadi Old Times ya Machi 2009, msimu wa 15, lakini usiiguse kabla ya kuiona May Day.

Carter, ambaye madhara ya kile kisu yamemla figo, anasubiri kupandikizwa nyingine. Benton yupo chumba cha upasuaji akimlazimisha mpasuaji asome orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, mstari kwa mstari: jina la mgonjwa, upande wa upasuaji, kila aliyepo ajitambulishe, vifaa vipo? Mpasuaji anaguna. Orodha hiyo si ya kubuni. Ina vipengele 19 na ilijaribiwa katika miji minane, mmojawapo Ifakara, Morogoro. Matokeo yaliyotoka Januari 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani ya miezi miwili ilikuwa kwenye runinga, mkononi mwa Benton.

Na figo yenyewe? Wakati huohuo, Seattle, Doug na Carol, sasa mume na mke, wameketi na bibi ambaye mjukuu wake ubongo umekufa. Wanamweleza polepole, bila kumsukuma, mpaka anakubali viungo vitolewe. Sanduku la barafu linaondoka. Wanarudi nyumbani bila kujua limekwenda kwa nani.