Dim sum mjini: mkahawa upi uanze nao, upi uuache

Dim sum ni vitafunio vidogo vya Wakantoni wa Guangzhou na Hong Kong, kusini mwa China, vingi hupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vidogo na huliwa kwa chai kuanzia asubuhi hadi mchana. Adui yao mkubwa ni muda. Ganda la har gow, ile sambusa ndogo ya kamba, huanza kukakamaa dakika chache tu baada ya kutoka kwenye mvuke. Ndiyo maana hapa migahawa imepangwa kwa kigezo kimoja: kikapu hukaa kwa muda gani kabla hakijafika mezani.

1. Ukumbi wa Kikantoni wenye karatasi ya kuagizia. Unatia alama kwenye karatasi, jikoni wanapika. Subira ya dakika 10 hadi 15 ni dalili njema. Kila kitu kikishuka mezani baada ya dakika mbili, kilikuwa kimeshapikwa. Anza na vikapu vinne au vitano, kisha ongeza. Ukiagiza kumi kwa mpigo, sita vitapoa vikikutazama.

2. Kiduka cha vyakula vichache. Tim Ho Wan ilianza hivyo mtaa wa Mong Kok, Hong Kong, mwaka 2009, ikapata nyota ya Michelin, tuzo ya kitabu maarufu cha kukadiria migahawa. Menyu fupi humaanisha vikapu havilali. Inafaa kwa watu wawili. Kwa kundi la wanane, foleni itawachosha.

3. Ukumbi wa toroli, ambako vikapu vilivyokwisha kupikwa huzungushwa kwa toroli mezani nawe unachagua. Hapa saa ndiyo kila kitu. Jumapili kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, ukumbi ukiwa umefurika, toroli humalizika haraka na chakula ni cha moto. Omba meza karibu na mlango wa jikoni, na mwambie mhudumu afunue kikapu kabla hujakipokea. Siku ya kazi saa nane mchana, usiende: kikapu hichohicho kimeshazunguka ukumbi mara kadhaa.

4. Mkahawa wa hoteli kubwa. Mikono ya ustadi, vipande vidogo, bei ya juu. Nenda kama mwenye kulipa ni mwingine.

5. Bafe, na sehemu zinazouza dim sum usiku kucha. Mara nyingi ni bidhaa ya kugandishwa. Utaijua kwa ganda lililopasuka kwenye mikunjo na kamba wa ungaunga.

Ukitaka kupima mkahawa mpya, agiza vitu vinne. Cha kwanza har gow. Ganda lake ni la wanga wa ngano uliokandwa kwa maji yanayochemka. Maji yakiwa yamepoa, unga haushikani na ganda hupasuka. Lililo zuri hupitisha mwanga, lina mikunjo saba au zaidi, na halichaniki ukilinyanyua kwa vijiti. Likigandamana na karatasi ya chini, limepikwa kupita kiasi au limekaa sana. Kamba awe mgumu kidogo wa kung'atika, asiwe bumunda.

Cha pili cheung fun, utando wa unga wa mchele uliokunjwa: uwe mwembamba, wa kuteleza. Cha tatu char siu bao, andazi la mvuke lenye nyama ya nguruwe ndani, lililopasuka juu lenyewe. Madoa ya njano au harufu ya amonia ni hamira ya kemikali iliyochanganywa vibaya. Cha nne miguu ya kuku. Hukaangwa, hulowekwa, ndipo hupikwa kwa mvuke hadi ngozi iachie mfupa. Jiko linaloiweza kazi hiyo ndefu halibahatishi mengine.

Asiyekula nguruwe aulize kila sahani. Siu mai, vifurushi vya mvuke vilivyo wazi juu, huwa na nyama hiyo hata kamba akionekana juu, har gow nyingi hutiwa mafuta yake, na ganda la keki ya yai, dan tat, laweza kuwa na shahamu ya nguruwe.

Kikapu kwa kawaida kina vipande vitatu au vinne, hivyo watu wanne hushiba kwa sahani 10 hadi 12. Chai hutozwa kwa kichwa, hata usipoinywa. Birika likiisha, inua kifuniko ukiache kimeegama. Mhudumu ataongeza maji bila kuitwa. Sahani hutozwa kwa daraja, ndogo, ya kati, kubwa au maalumu, kwa mihuri kwenye kadi ya meza. Hesabu mihuri hiyo kabla hujalipa, maana ukumbi ukijaa muhuri wa meza ya jirani huangukia kadi yako.