Kuangalia ndege mashamba ya chumvi kaskazini mwa Tanga: nendeni, ila mfuate bamvua

Jamani watu wa Tanga tuna jambo kubwa huku halafu kila wikiendi tunajazana ufukweni Raskazone. Nimetembezwa na vijana wa kijijini kwenye mashamba ya chumvi upande wa Mkinga, unapanda gari za Horohoro unashuka njiani halafu bodaboda mpaka baharini, na nasema kabisa sijawahi kulipia matembezi ya ndege yakaniridhisha hivi. Kasoro zipo, nitazisema.

Wakati wenyewe ni ule wa kaskazi, jua kali, maana ndege wengi pale ni wageni, kwao Siberia na Ulaya wakati huo ni baridi tupu, wanaanza kushuka mwezi wa nane na wanakaa mpaka kama mwezi wa nne ndo wanarudi kuzaliana. Ila kaskazi peke yake haitoshi. Mimi nilitaka Jumamosi yangu wakanikatalia, "dada, hiyo siku maji mafu, hayajai sana, tope halifunikwi vizuri, ndege hawatasogea", wakanipangia bamvua, zile siku za mwezi mwandamo au mpevu maji yanapojaa na kutoka sana, na hapo ndo nikajua hawa wanaijua kazi. Maji yakiwa yametoka ndege wametawanyika huko mbali kwenye tope wanakula, hata kwa darubini unaona vidoa tu, lakini bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi jioni, tope lote linazama, hawana pa kusimama, basi wanahamia kwenye matuta ya chumvi kundi kwa kundi, wanakupita juu ya kichwa mpaka unasikia mbawa.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya chumvi miaka mingi ndo alitueleza mabwawa, na mimi ningelipa hela yote kwa maelezo yake tu. Maji ya bahari yanaingia bwawa la kwanza, yanahamishwa la pili, la tatu, jua linayapunguza na ukali wa chumvi unapanda, mpaka la mwisho chumvi inaganda chini watu wanaikwangua. Na ndege wamejigawa hivyohivyo! La kwanza bado lina samaki wadogo na kamba kwa hiyo yangeyange na kulastara, wale wavuvi wa miguu mirefu, ndo kwao, huko katikati samaki hawawezi tena wanabaki wadudu wadogo wa maji ya chumvi, hapo unakuta vitwitwi, vile vindege vidogo vya ufukweni, mamia na heroe (flamingo) wachache wameinamisha vichwa, la mwisho ni jeupe pee hakuna ndege.

Kuna ndege mmoja anaitwa mla kaa, mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi. Alitua karibu nasi, yule mzee akaniambia "mwanangu kaa chini, ukisimama anaruka", nikakaa kwenye tope lenyewe. Akamkamata kaa, akampigapiga chini mpaka miguu ikachomoka, akameza mwili kwanza halafu akarudi kuokota miguu mmoja mmoja. Ndege huyu anazaliana pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, anachimba shimo mchangani anataga humo, halafu anakuja kukaa kwetu. BirdLife International, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, wameiweka pwani hii ya Tanga Kaskazini pamoja na mashamba ya chumvi ya Kibo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege, na watoto wetu shuleni hawajui hata jina la ndege huyu.

Sehemu nyingine iliyonigusa ni mabwawa ya zamani yaliyoachwa. Walibomoa tuta bahari ikaanza kuingia tena, mikoko ikarudi. Vijana wanasema sehemu za chumvi kali mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu, waliopanda ulikufa, mchu, aina nyingine ya mikoko inayovumilia chumvi, ndo ukashika, sasa umefika kifuani na vipumulio vyake vimejaa kwenye tope kama penseli, ndege sululu wenye mdomo mrefu uliopinda wanapita katikati wanachokoa kaa.

Sasa kasoro. Darubini moja kwa watu sita jamani, unamwona ndege ikifika zamu yako kaondoka. Kivuli hakuna, choo hakuna. Na kundi letu kulikuwa na kaka anakimbilia ndege ili warushwe apate video nzuri, mwongozaji akamwambia kwa upole tu mara moja akanyamaza, mimi nadhani angemkemea kabisa. Wale ndege wanatunza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, ukiwarusha ovyo unawamalizia akiba.

Nililipa elfu ishirini na dafu ndani yake, sawa tu kwa masaa matatu yale. Vaa kofia na viatu vya kulowana, ulizia bamvua kwanza ndo upange safari, na mwenye darubini imelala kabatini awapelekee wale vijana, wataitumia kila wiki.