Hekalu la Cardston au la Calgary?
Ukiwa Alberta, Kanada, na muda unatosha hekalu moja tu la Wamormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), nenda Cardston. La Calgary, lililowekwa wakfu 2012, lina mnara na sanamu ya dhahabu ya malaika Moroni kileleni. Zuri, ila mahekalu mengi yako hivyo. La Cardston, la 1923, ni la granaiti nyeupe, halina mnara kabisa. Ukilitazama toka mbali utadhani ngome.

Halafu kuna siasa. N. Eldon Tanner alikuwa mbunge wa Cardston na waziri wa ardhi na madini wa jimbo, kisha akapanda hadi Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa. Solon Low, aliyekuwa kiongozi wa chama cha siasa cha Social Credit, alizaliwa hapohapo.

Ndani? Bila kibali cha kanisa, kote huingii.